Pedi za breki: mnunuzi wa Msimbu aangalie nini kabla ya kutoa fedha

Mkazi wa Msimbu mwenye Hiace, Noah au pikapu hununua pedi za breki kwa njia moja kati ya mbili. Ama humpa fundi fedha, fundi akaondoka asubuhi kwenda Kariakoo na kurudi jioni na boksi mkononi. Ama humwachia fundi gari lenyewe, akaja kulichukua kazi ikiwa imekwisha. Kwa njia zote mbili, aliyetoa fedha haioni bidhaa aliyoinunua. Anapokabidhiwa ufunguo, pedi zimekwisha kufichwa nyuma ya gurudumu, boksi limetupwa jalalani, na risiti haipo.

Hatusemi kwamba mafundi si waaminifu. Fundi naye, akifika dukani, huuziwa kwa maneno. Na asipoulizwa chochote na mwenye gari, hana sababu kubwa ya kumbana mwenye duka. Katika somo hili tunaeleza maswali ambayo mnunuzi anapaswa kuyauliza yeye mwenyewe, na vitu ambavyo anapaswa kuviona kwa macho yake kabla boksi halijafunguliwa.

Joto linatoka wapi

Breki haiui mwendo wa gari. Huugeuza kuwa joto. Pedi mbili huibana diski inayozunguka, msuguano hutokea, na nguvu yote iliyokuwa ndani ya mwendo huhamia kwenye chuma na kwenye pedi zenyewe, kisha hupotelea hewani. Katika magurudumu ya nyuma ya Hiace nyingi hakuna diski. Kuna ngoma, na ndani yake viatu vya breki, ambavyo mafundi huviita breki shuu. Kanuni ni ileile.

Kiasi cha joto hilo hutegemea uzito wa gari, na hutegemea zaidi kasi yake. Gari likiongeza kasi kutoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa, joto ambalo breki italazimika kulibeba huongezeka kwa zaidi ya robo tatu, ingawa kasi yenyewe imeongezeka kwa theluthi moja tu. Hilo madereva wengi wanalijua kwa mwili hata kama hawajawahi kulipigia hesabu.

Mteremko ndio unaosahauliwa. Kutoka Msimbu kwenda mjini Dar es Salaam kwa njia ya Kisarawe, lazima gari lishuke vilima vya Pugu kabla ya kufika Gongo la Mboto. Tuchukue gari ambalo pamoja na abiria na mizigo lina kilo 2,500. Kwa kila mita 100 za kimo ambazo gari hilo linashuka, tukiuacha pembeni msaada wa injini na ukinzani wa upepo, breki hupokea joto linalokaribia lile la kulisimamisha kabisa mara saba mfululizo kutoka kasi ya kilomita 60 kwa saa. Mara saba, bila kupoa katikati.

Pedi isiyofaa huonyesha udhaifu wake hapo, si barabarani tambarare. Mchanganyiko wa pedi hushikwa pamoja na gundi maalumu. Joto likizidi kiwango ambacho gundi hiyo inaweza kukistahimili, huanza kutoa gesi, na gesi hiyo hukaa kati ya pedi na diski. Dereva hukanyaga pedali, pedali ni ngumu kama kawaida, lakini gari halipungui mwendo. Huambatana na harufu kali ya kuungua. Hali hiyo isichanganywe na ile ya pedali kuwa laini na kuzama hadi chini: hiyo ya pili mara nyingi hutokana na mafuta ya breki yaliyochemka au mfumo ulioingia hewa, na haitatibiwa kwa pedi mpya hata ziwe bora namna gani.

Uzito wa kweli wa gari lako

Mtengenezaji wa gari huchagua breki kwa uzito wa juu alioukadiria yeye, na uzito huo umeandikwa katika kibao cha gari au kitabu chake. Swali la kujiuliza ni kama gari lako bado ni lile lililotoka kiwandani.

Katika nchi za Ulaya wapo watu wanaonunua gari-nyumba, yaani gari la mizigo lililojengewa vitanda, jiko na tangi la maji. Wengine hufika huku nasi tunawaona wakipita. Wenye magari hayo wamejifunza jambo moja linalotuhusu: gari la mizigo la kawaida hupumzika linaporudi tupu, lakini gari-nyumba halirudi tupu kamwe, kwa kuwa mzigo wake umepigiliwa misumari. Kwa hiyo kila safari ni safari ya mzigo kamili, na pedi ambazo zingetosha kwa gari tupu huisha mapema na kupata joto zaidi.

Huku kwetu gari la namna hiyo halina vitanda, lakini lipo. Ni Noah iliyoongezwa viti na kufungwa chuma cha mizigo juu ya paa. Ni Hiace inayotoka na abiria na kurudi na magunia ya bidhaa za duka. Ni pikapu iliyofungwa tangi la maji: tangi la lita 1,000 likijaa ni tani 1 kamili, na halijahesabiwa tangi lenyewe wala dereva. Wakati wa machungwa na mananasi ni vigumu kuliona gari dogo la mizigo linaloelekea mjini likiwa na nafasi. Mwenye gari la namna hiyo akienda dukani na kusema tu kwamba anataka “pedi za Noah”, atapewa pedi za Noah inayobeba familia kwenda kanisani. Amwambie muuzaji gari linafanya kazi gani.

Ni lazima tuongeze neno lisilopendeza. Hakuna pedi inayohalalisha kuzidisha uzito ulioandikwa. Mwenye gari lililozidishwa mzigo anayetafuta pedi kali zaidi anatibu pasipouma, maana matairi, fani za magurudumu na diski zote zina mpaka wake.

Namba, wala si jina la gari

Hiace imetengenezwa kwa miaka mingi na kwa maumbo mengi, na pedi za toleo moja zinaweza kukaribia kufanana na za toleo jingine bila kulingana. Tofauti ya milimita 2 katika bamba la nyuma inatosha kuifanya pedi igande ndani ya kalipa au icheze na kupiga kelele. Fundi hodari anaweza kuichonga kwa tupa hadi ikaingia. Asifanye hivyo. Pedi iliyochongwa ili iingie ni pedi ya gari jingine.

Dawa yake ni namba ya chesisi, ambayo imo katika kadi ya gari. Iandike kwenye karatasi au ipige picha, na fundi aende nayo dukani. Muuzaji mwenye katalogi ataitumia kupata namba ya kipuri. Kwa magari ya Toyota, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu, namba ya pedi za mbele huanza na 04465, ya pedi za nyuma huanza na 04466, na ya viatu vya breki vya nyuma huanza na 04495; tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha toleo na toleo. Watengenezaji wengine wa pedi hutumia namba zao wenyewe, lakini wengi huchapisha ulinganisho wa namba zao na zile za Toyota. Ukiwa na namba kamili, unaweza kupiga simu katika maduka matatu ya Kariakoo au Kibaha na kuulizia bei ya kitu kilekile, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa jina “pedi za Hiace”.

Na kama fundi anasema ya zamani ipelekwe dukani ikafananishwe, ni vizuri, ipelekwe. Lakini iwe ushahidi wa pili. Huenda iliyofunguliwa nayo haikuwa sahihi.

Yaliyoandikwa mgongoni mwa pedi

Tunaomba msomaji atulie katika sehemu hii, kwa kuwa inaweza kufanyika dukani kwa dakika tano na bila kifaa chochote.

Ipo kanuni ya Umoja wa Mataifa, Kanuni Na. 90, inayohusu pedi na viatu vya breki vinavyouzwa kama vipuri. Pedi iliyopitishwa chini ya kanuni hiyo imepimwa na kuonekana kwamba uwezo wake wa kushika hautofautiani kupita asilimia 15 na ule wa pedi ya awali ya gari. Alama yake ni herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza. Karibu na duara huwepo 90R na mfululizo wa tarakimu. Namba hiyo haisemi pedi imetengenezwa wapi. Inasema nani aliikagua na kuipitisha. Pedi iliyotengenezwa Asia inaweza kuwa na E1 kwa haki kabisa.

Kanuni hiyo hiyo inataka pedi ziuzwe kwa seti ya ekseli nzima, yaani kwa gurudumu la kushoto na la kulia kwa pamoja, ndani ya kifungashio kilichozibwa kwa namna ambayo kikifunguliwa kitaonyesha. Kwa hiyo boksi lenye alama ya E ambalo linafunguka na kufungika kama la viatu lishukiwe. Na alama iwepo katika sehemu zote mbili, kwenye boksi na kwenye pedi. Boksi ni karatasi, na karatasi huchapishwa popote.

Pedi halisi za mtengenezaji wa gari huenda zisiwe na alama ya 90R, wala si kosa. Hizo hutambuliwa kwa nembo ya mtengenezaji na namba ya kipuri iliyoandikwa juu yake.

Ubavuni mwa pedi nyingi utakuta pia herufi mbili zinazoandamana, kama FF, GG au EF. Ya kwanza hueleza ushikaji wa pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata joto kali. Herufi E ni kiwango cha 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari linaloshuka milima na mzigo, herufi ya pili ndiyo ya kutazamwa: pedi yenye FE inapoteza ushikaji inapopata joto, ilhali yenye FF inaushikilia. Herufi hizi hazisemi pedi itadumu muda gani, na muuzaji anayedai kwamba G ni “daraja la juu” kuliko F kwa kila gari hasemi kweli. Ushikaji ukizidi ule uliokusudiwa, magurudumu ya mbele yanaweza kujifunga mapema kwenye matope ya masika.

Baada ya maandishi, tazama kitu chenyewe. Uso wa pedi usiwe na ufa. Mchanganyiko usiwe umebanduka kwenye bamba la chuma hata kidogo pembeni. Jaribu kupitisha ukucha. Pedi nne za seti zifanane kwa unene na rangi. Maneno kwenye boksi yasiwe na makosa ya tahajia, maana wanaoghushi mara nyingi hujikwaa kwenye herufi za jina lenyewe wanaloliiba.

Mchanganyiko upi

Wauzaji watakutajia aina tatu. Zipo zenye nyuzi za chuma, ambazo huvumilia joto na mzigo, lakini hupiga kelele zaidi na hula diski haraka. Zipo laini zisizo na chuma kingi, ambazo ni tulivu na nafuu, nazo ndizo huchoka mapema mteremkoni. Zipo za kauri, zenye vumbi kidogo na bei kubwa, zinazopendwa kwa magari madogo ya mjini. Kwa gari la mzigo linalopita Pugu kila siku, sisi tungeanzia kwenye zile zenye nyuzi za chuma, ila kama kitabu cha gari kinaagiza vingine, kitabu kifuatwe.

Pedi zilizotumika, zinazouzwa kwa fungu baada ya kufunguliwa katika magari chakavu, tunashauri zisinunuliwe kabisa. Injini iliyotumika inaweza kusikilizwa ikiunguruma. Pedi iliyotumika haisemi iliwahi kuungua mara ngapi, wala kama ililowa mafuta. Pedi za zamani zina hatari nyingine tena: huenda zina asbesto, madini ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu na ambayo nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku kabisa tangu 2005. Kwa sababu hiyo fundi asipulize vumbi la breki kwa upepo wa kompresa, na watoto wasisimame karibu. Kitambaa kilicholowa maji kinatosha.

Hesabu ya bei

Tutoe mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Pedi za shilingi 35,000 zimedumu miezi 3; za shilingi 80,000 zimedumu miezi 8. Fundi anatoza shilingi 10,000 kila anapofunga. Za kwanza zimegharimu shilingi 15,000 kwa mwezi, za pili shilingi 11,250. Aliyenunua kwa bei ndogo amelipa zaidi, na bado hatujahesabu siku ambazo gari lilisimama gereji wala diski iliyochimbika. Tunajua kwamba hesabu hii haimsaidii mtu ambaye leo ana shilingi 40,000 tu mfukoni. Kwake tunasema: ni afadhali kuegesha siku mbili akisubiri kiasi kilichobaki kuliko kufunga kitu asichokijua na kupakia watu 14.

Siku ya kufunga

Uwepo. Omba boksi lifunguliwe mbele yako. Pedi za zamani usiziache kwa fundi. Chukua nne zote, uzipange sawia na kuzitazama. Ikiwa ya ndani imeisha na ya nje bado nene, pini za kalipa zimeganda au pistoni hairudi, na pedi mpya zitaliwa vivyo hivyo kama tatizo halikutatuliwa kwanza. Ikiwa za kushoto zimeisha kuliko za kulia, shida ni hiyo hiyo kwa upande mmoja. Diski yenye mifereji mirefu au iliyopungua kuliko unene wa chini ulioandikwa ukingoni mwake haifai kupewa pedi mpya. Kubadilisha upande mmoja pekee ili kuokoa fedha hakukubaliki hata kidogo: gari litavuta upande mmoja linapofunga breki.

Mafuta ya breki nayo yaulizwe. Hunyonya unyevu kutoka hewani, na katika ukanda wetu wa pwani unyevu haukosekani. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kama hayajabadilishwa kwa miaka miwili, yabadilishwe sasa.

Pedi mpya hazishiki vizuri mara moja. Zizoeshe kwenye barabara tambarare isiyo na msongamano: punguza mwendo taratibu kutoka kilomita 50 hadi 15 kwa saa, mara 8 hadi 10, bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi ya kupoa kati ya mara moja na nyingine. Abiria wasipakiwe kabla ya hapo. Na mteremko wa kwanza ushukwe kwa gia ndogo, injini ikisaidia kushika, kama ambavyo kila mteremko ungepaswa kushukwa.

Unene wa mchanganyiko ukibaki milimita 3, badilisha. Pedi nyingi zina kibati kinachopiga mluzi zinapokaribia kuisha. Msikilize dereva wako anapokuambia kuna mluzi. Mara nyingi huwa ametangulia kuusikia wiki nzima.

Ukiuziwa isiyofaa

Dai risiti ya mashine ya EFD, na namba ya kipuri iandikwe humo, si neno “spea” pekee. Kisheria muuzaji anawajibika kuitoa na mnunuzi anawajibika kuidai. Ukimtuma fundi, mwambie mapema kwamba gharama yake haitalipwa bila risiti na boksi.

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya 2003, inamkataza muuzaji kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, nayo Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji. Bidhaa bandia, yaani iliyobandikwa jina la mtengenezaji ambaye hakuitengeneza, inaangukia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, ambayo pia husimamiwa na Tume hiyo. Kama shaka ni juu ya ubora wenyewe, Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo mahali pake. Mwenye gari la abiria akumbuke pia kwamba leseni yake iko chini ya LATRA, na kwamba anayeulizwa kwanza kuhusu breki za gari hilo ni yeye, kabla ya muuzaji wa pedi.

Malalamiko yaambatane na risiti, boksi, pedi zenyewe na picha za maandishi ya mgongoni. Pedi zisisafishwe wala kupakwa kitu. Zifungwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi yenye tarehe ya kufungwa, tarehe ya kufunguliwa, na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi katika siku hizo mbili.